Chai Inywewayo Chini ya Miti

Huku kwetu Kalemie chai ni jambo la kila siku, na kwa sababu hiyo hatulifikirii. Mtu huamka, huwasha mbabula, huteleka maji, hutia majani yaliyotoka milima ya Kivu. Asiye na pesa ya majani huchuma mchaichai nyuma ya nyumba. Kisha hunywa upesi upesi, pengine akiwa amesimama, kwa kuwa kazi inamngoja. Leo nataka kuwaelezeni habari za watu wanywao chai kwa namna nyingine, nao ni Wajapani, na hasa desturi yao ya kuinywa nje, chini ya miti, waiitayo nodate. Nitaeleza pia kwa nini habari hiyo ya mbali imenifaa mimi, katekista wa hapa Tanganyika, katika kazi ambayo mafundisho ya mdomo peke yake hayaitoshi.

Kwanza tuijue chai yenyewe. Mmea wake ni mmoja duniani kote. Majani yachumwayo katika mashamba ya Kivu, na yale yachumwayo Uji, karibu na mji wa Kyoto, ni ndugu; tofauti inatoka katika kazi ya mikono. Sisi tumezoea chai nyeusi: majani hunyaushwa, husagwasagwa, huachwa hewani mpaka yageuke rangi, ndipo yakaushwe. Wajapani huyatia majani mvuke wa moto mara yakishachumwa, ili yabaki ya kijani. Kwa chai yao ya heshima, iitwayo matcha, huifunika kwanza miti ya chai isipigwe na jua muda wa majuma kadhaa. Halafu majani yaliyokauka husagwa kwa jiwe mpaka yawe unga laini. Unga huo hutiwa katika bakuli, humiminiwa maji ya moto, hupigwapigwa kwa kifagio kidogo cha mwanzi mpaka utoe povu. Basi wao hawachuji majani wala hawayatupi. Wanakunywa jani lenyewe. Ladha yake ina uchungu, kwa hiyo mgeni hupewa kitu kitamu ale kwanza.

Mtawa mmoja wa dini ya Buddha, jina lake Eisai, alirudi Japani kutoka China mwaka 1191 akiwa na mbegu za chai, na mwaka 1211 akaandika kitabu juu ya faida zake kwa afya. Watawa waliinywa ili usingizi usiwashinde wakati wa kutafakari. Polepole chai ikatoka katika nyumba za watawa ikaingia katika majumba ya wakubwa. Huko ikawa sababu ya majivuno, kwa kuwa matajiri walishindana kuonyeshana vyombo vya thamani vilivyotoka China. Mtu aliyejulikana kuliko wote kwa kuirudisha katika unyenyekevu ni Sen no Rikyū, aliyezaliwa mwaka 1522 katika mji wa biashara wa Sakai. Yeye alipenda kijumba kidogo cha miti na udongo, na bakuli lililofinyangwa kwa mkono. Mlango wa kijumba aliufanya mfupi sana, sentimeta 66 hivi, hata kila mtu, awe jemadari au mwuza duka, ilimpasa kupiga magoti na kuinama ndipo aingie. Upanga haukupita hapo, uliachwa nje.

Wajapani huiita desturi hiyo chanoyu, maana yake ni maji ya moto ya chai tu. Wanaieleza kwa maneno manne: mapatano, heshima, usafi na utulivu. Mwenyeji hupangusa vyombo vyake mbele ya wageni, bila haraka, ili kila mtu aone kwamba ni safi. Mgeni hupokea bakuli kwa mikono miwili, huinamisha kichwa kwa kushukuru, huligeuza kidogo asinywe upande wake mzuri ulioelekezwa kwake, hunywa, kisha hupangusa mahali alipogusa kwa midomo. Iko na chai nyingine nzito, ambayo wageni wote huinywa katika bakuli moja, kila mtu kwa zamu yake. Mkristu asomapo hayo atakumbuka bila kufundishwa kikombe na kitambaa cha altareni, ingawa mambo hayo mawili si sawa.

Sasa tutoke nje ya kijumba. Mwaka 1587 mtawala mkubwa wa Japani, Toyotomi Hideyoshi, alikuwa ameishinda nchi ya Kyushu kwa vita. Alipiga kambi Hakozaki, katika msitu wa misonobari ulio kando ya bahari, mahali ambapo leo ni mji wa Fukuoka. Rikyū alikuwa pamoja naye. Wajapani husimulia kwamba siku moja Rikyū alitundika birika la chuma katika tawi la msonobari, akakusanya majani makavu ya miti hiyo yaliyoanguka mchangani, akawasha moto, akawapikia chai hapo hapo. Hapakuwa na ukuta wala mlango. Walisikia upepo na mawimbi, wakanywa. Wengi huhesabu siku hiyo kuwa mwanzo wa nodate. Hata leo Wajapani hutoka na sanduku dogo lenye vyombo vyote, hutandika mkeka au kitambaa chekundu chini ya mwavuli mkubwa mwekundu, wakati wa maua ya masika au majani mekundu ya vuli. Mtu yeyote apitaye anaweza kukaribishwa.

Hapo msomaji atasema: Jambo zuri, jambo la amani. Lakini sikilizeni yaliyofuata. Katika kambi ile ile ya Hakozaki, kiangazi kile kile, tarehe 24 Julai 1587, Hideyoshi alitoa amri kwamba mapadri watoke katika nchi ya Japani kwa muda wa siku 20. Na palikuwa na mkuu mmoja Mkristu, Takayama Ukon, aliyebatizwa angali mtoto kwa jina la Yusto. Alikuwa bwana wa Akashi, jemadari hodari, tena alihesabiwa miongoni mwa wanafunzi saba wakubwa wa Rikyū katika mambo ya chai. Hideyoshi alimtaka achague: ama aiache imani, ama aache nchi yake na cheo chake. Wajapani husimulia kwamba mmoja wa wajumbe waliotumwa kumshawishi alikuwa Rikyū mwenyewe, mwalimu wake. Ukon hakukubali. Alipoteza nchi, ngome na mapato kwa siku moja.

Basi tazameni: mtu yule yule aweza kukaa chini ya mti na kunywa chai kwa utulivu, naye anawaza moyoni kuwafukuza wenzake. Upepo wa misonobari haukumbadilisha Hideyoshi. Hilo ni jambo la kwanza nililojifunza, nanyi mlishike, maana nitalirudia.

Miezi michache baadaye, tarehe 1 Novemba ya mwaka ule ule wa 1587, Hideyoshi alifanya karamu kubwa ya chai nje, katika shamba la miti la Kitano, mjini Kyoto. Tangazo lake lilikuwa la ajabu kwa nchi yenye matabaka makali. Lilisema kwamba waje wote wapendao chai, hata watumishi, watu wa mjini na wakulima. Kila mtu alete birika, ndoo ya maji na bakuli la kunywea. Na asiye na chai alete unga wa nafaka iliyokaangwa, akoroge huo katika maji ya moto. Mikeka yenye viraka ilikubaliwa. Hata mgeni wa nchi nyingine alikaribishwa. Mamia ya vibanda na mikeka vilienea chini ya miti, na mtawala akapita akitazama na kuonja. Lakini tangazo lile lile lilikuwa na kitisho ndani yake: asiyekuja, tangu siku hiyo asitengeneze tena chai, hata hiyo ya unga! Tena mtawala alipanga vyombo vyake vya thamani ili watu wavistaajabie. Karamu iliyotangazwa kwa siku kumi ilikwisha kwa siku moja tu, na habari za uasi katika nchi ya Higo zilikuwa zimefika. Miaka minne baadaye, mwaka 1591, Hideyoshi alimwamuru Rikyū ajiue, na mzee yule akafa.

Ukon naye aliendeleaje? Alipata kimbilio Kanazawa, kwa ukoo wa Maeda, akakaa huko miaka 26 hivi, akiwatumikia na kuendelea na chai yake. Padri João Rodrigues, Myesuiti Mreno aliyekaa Japani miaka mingi na kujua lugha kuliko wageni wote wa wakati wake, ameandika kwamba Ukon aliona chai kuwa msaada mkubwa kwa maisha ya fadhila. Alikuwa akiingia peke yake katika kijumba cha chai, anaweka hapo sanamu takatifu, anajikabidhi kwa Mungu katika kimya. Mwaka 1614 serikali iliwafukuza Wakristu kwa ukali zaidi. Ukon, sasa mzee, alipandishwa merikebu pamoja na jamaa yake na wengine wengi, wakafika Manila mwezi wa Desemba. Hakuvumilia muda mrefu. Alikufa mwanzoni mwa Februari 1615. Tarehe 7 Februari 2017, huko Osaka, Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenye Heri.

Pengine mmoja wenu atauliza: Je, desturi iliyotoka kwa watawa wa dini nyingine yamfaa Mkristu? Swali hilo liliulizwa zamani. Padri Alessandro Valignano, mkubwa wa Wayesuiti katika nchi za mashariki, baada ya kufika Japani mwaka 1579, aliagiza kwamba kila nyumba ya mapadri iwe na mahali safi pa chai, pamoja na mtu ajuaye kumpokea mgeni kwa chai kadiri ya desturi ya nchi. Aliona kwamba Mjapani asiyepokewa hivyo amedharauliwa, na aliyedharauliwa mlangoni hatasikiliza Injili ndani. Sisi nasi tuna methali: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Sasa nirudi kwetu. Mwezi ule wa Februari 2017, walipokuwa wakiimba Osaka, jimbo letu la Tanganyika lilikuwa linawaka moto. Hamna haja ya kukumbushwa. Ugomvi kati ya Watwa, ambao huku huitwa pia Wambote, na Waluba pamoja na Wabantu wengine ulikuwa umeenea katika nchi za Nyunzu, Manono na Kalemie. Vijiji vilichomwa, watu wakauawa pande zote mbili, na maelfu kwa maelfu wakakimbilia mjini, wakakaa katika vibanda vya nyasi makambini, kama vile Katanika na Kalunga. Baadaye mabaraza ya amani yakaundwa, watu wakarudi polepole. Nyumba zinajengwa tena. Lakini kuna kitu kimoja ambacho kilikuwako kabla ya vita na kimebaki baada ya vita, nacho ni kikombe.

Nimeona kwa macho yangu. Mtwa anakuja kulima shamba la jirani yake kutwa nzima. Akiona kiu hupewa maji katika kopo lake la peke yake, lililotundikwa nje ukutani, wala kopo hilo haliingii ndani. Wenye nyumba wenyewe hunywa pombe ya mahindi katika kibuyu kimoja, watu sita au saba, bila kupangusa. Kwa hiyo sababu si usafi. Mtoto wa nyumba hiyo hujifunza katekisimu yake kwangu kwamba watu wote wameumbwa kwa mfano wa Mungu, na kila siku hujifunza kwa kopo lile jambo lililo kinyume. Nani atamshinda mwenzake, maneno yangu au kopo? Kopo hufundisha asubuhi na jioni. Mimi hufundisha mara moja kwa juma.

Katika kigango kimoja ninachofundisha, kando ya barabara iendayo Nyunzu, wakatekumeni wangu ni wa pande zote mbili. Ndani ya kikanisa walikuwa na desturi ya kukaa mbalimbali, hawa kuume, hawa kushoto. Baada ya kusoma habari za nodate, niliona heri somo la Jumamosi lihamie nje, chini ya mwembe, ambapo hakuna mabenchi. Tulifagia, tukatandika mikeka, tukateleka birika kubwa. Vikombe vilikuwa sita, na sisi tulikuwa watu 17. Mzee mmoja Mluba, mtu wa heshima, aliniuliza kwa sauti ya chini:

"Mwalimu, na hawa watanywea kikombe kipi?"

Nikamjibu: "Baba, vikombe ni hivi sita tu. Kila kitakachorudi kitaoshwa mbele ya macho yetu kwa maji haya yanayochemka, kisha atapewa anayefuata. Tutaanza kwa wazee."

Mkubwa kwa miaka kuliko wote alikuwa bibi mmoja wa Kitwa. Nikamwambia, "Nkambo, karibu chai." Alikipokea kikombe kwa mikono miwili, akakitazama kwa muda kabla ya kukinywa. Kiliporudi nilikiosha, nikamimina, na aliyefuata kwa umri alikuwa yule mzee. Alikipokea. Akakishika mpaka chai ikapoa, akakiweka chini bila kuonja. Hakuna aliyemkemea, nami nilikwisha kuwaomba vijana wasicheke. Maana nilikumbuka kitisho cha tangazo la Kitano: mwaliko wenye kumlazimisha mtu si mwaliko. Juma lililofuata mzee alikuja tena, akakaa pale pale. Juma la tatu alikunywa nusu. Sikusema neno, wala yeye hakusema.

Tena nasema, upepo wa misonobari haukumbadilisha Hideyoshi, na kivuli cha mwembe peke yake hakitatubadilisha sisi. Siku moja, tulipokuwa tukinywa, kijana mmoja Mtwa alianza kusema juu ya ujira: kwamba akilima siku nzima hulipwa pungufu kuliko mwenzake Mbantu aliyelima mistari ile ile, na mara nyingine hulipwa chumvi tu. Palikuwa kimya. Wawili kati ya wenye mashamba walikuwa wamekaa mkeka mmoja naye. Hawakuondoka. Mmoja alijibu kwa ukali, mwingine akamwambia mwenziwe, "Mwache amalize." Neno lile halijakwisha mpaka leo, tunaliendeleza. Lakini ndani ya kikanisa, huku kuume na kushoto, lisingeanza kamwe. Hiyo ndiyo faida ya kukaa nje: hakuna kiti cha mbele, hakuna mlango wa mtu, na apitaye njiani anasikia. Na hatari yake ni hiyo niliyoitaja: kuridhika na utulivu wa saa moja, kisha kurudi nyumbani na kulitundika lile kopo ukutani kama jana. Mwenye Heri Yusto Ukon alipoulizwa kuchagua, chai yake na maisha yake vilisema neno moja. Rafiki zake wengine wa chai hawakulipa gharama kama hiyo.

Wengine watanionya juu ya ugonjwa, nao wana haki, kwa kuwa kipindupindu hatukijui kwa kusikia tu hapa ufukoni mwa ziwa. Hata huko Japani, korona ilipoingia mwaka 2020, wengi waliacha kunywa katika bakuli moja, kila mgeni akapewa la kwake. Kwa hiyo sifundishi kunywa bila kuosha. Maji na yachemke kweli kweli, mikono ioshwe kwa sabuni, kila kikombe kioshwe kwa maji ya moto kabla ya kumfikia mwingine. Lakini vikombe viwe vya wote, pasiwe na cha Mtwa wala cha mkubwa. Maji yanayochemka hayaulizi kabila.

Wakristu wa ziwani tunayo pia habari moja katika Injili ya Mtakatifu Yohane, ambayo hatuna budi kuifahamu kuliko watu wa bara. Baada ya kufufuka, Bwana wetu aliwasha makaa ufukoni asubuhi, akaweka samaki na mkate, akawaita wavuvi waliokesha bure. Petro alikuwa amemkana mara tatu, tena karibu na moto wa makaa. Yesu hakuanza kwa kumwuliza. Alimlisha kwanza, pale mchangani, pamoja na wenzake. Walipokwisha kula ndipo akamwuliza mara tatu juu ya upendo, akampa kazi. Chakula kilitangulia, lakini ulizo halikuachwa.

Kama shirika lenu au kigango chenu kina watu wasiokaa pamoja, fanyeni hivi. Tafuteni kivuli ambacho si cha mtu mmoja. Fagieni mahali hapo pamoja. Vikombe viwe vichache kuliko watu, vioshwe mbele ya wote. Anzeni kwa aliye mkubwa kwa miaka, awe wa kabila lolote. Asiyetaka kunywa aachwe bila kuaibishwa, aitwe tena juma lijalo. Maneno yawe machache mpaka chai iishe. Kisha neno lililo gumu, la ujira au la shamba au la damu, lisemwe hapo hapo na lisikilizwe mpaka mwisho. Majani ya chai yakikosekana, mchaichai unatosha.